Kifungo Kimoja

Huu si ule uchovu wa palizi,
unaotuliza mgongo kwa maji ya moto,
ukalala nao, asubuhi ukauacha kitandani.
Huu hunitangulia kuamka.
Nikifumbua macho naukuta umeketi,
umeshavaa gauni langu.

Juzi nimerudi Mulago, safari ya tatu.
Usiku kucha basini, mfuko wa plastiki mapajani,
hata Karuma kukapambazuka:
nyani wamekaa kando ya lami
kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo.
Mtoto wa kiti cha mbele akawatupia ndizi.
Mimi nikaziba pua kwa harufu ya ndizi.

Sista Apolot alikuwa ameniambia mapema:
mkojo utakuwa mwekundu, usiogope,
ni rangi ya dawa tu.
Niliogopa hivyo hivyo.

Sasa niko Arua, kwangu, mtaa wa Oli,
na kinywa changu kina ladha ya chuma,
kama niliyenyonya sarafu za nauli njia nzima.
Ndimu inasaidia. Tangawizi, siku nyingine.
Uji nauacha upoe kabisa,
nao hunipita kooni kabla sijaunusa.

Jirani yangu Mama Zubeda
hupika samaki mkavu chini ya dirisha langu,
samaki yule yule niliyekulia.
Jumatatu aliniona nikifunga dirisha.
Sikumwambia neno.
Jumanne jiko lake lilikuwa nyuma ya choo, kwenye jua kali,
naye analipepea, amenipa mgongo.
Hakuniambia neno.

Nywele zilitoka na shanuo, fungu zima.
Nikaziviringa, nikazitia kwenye kopo la vipande:
fundi hatupi kitu.

Nimekuwa bahili.
Kila siku napewa nguvu za shilingi elfu mbili,
hakuna mkopo.
Kuoga, mia tano, tena nikiwa kwenye kigoda.
Kupanda kitanda, mia.
Kufagia nimefuta kabisa kwenye hesabu.
Wageni wa pole ndio ghali:
wanakaa saa mbili, wanasimulia fulani aliyekufa,
wanaondoka nikiwa na deni.
Siku hizi Ezama, mtoto wa dada yangu,
husimama mlangoni na miaka yake tisa
akasema, "Shangazi amelala,"
nami humo ndani niko macho, nakodolea bati,
namshukuru kwa uongo wake.

Kuna siku nalia kwa sababu ya ndoo.
Ndoo tu. Iko pale, ina maji, siiwezi.

Na vidole. Vidole vimevaa soksi.
Jana sindano ilinichoma
nikajua kwa doa kwenye kola nyeupe,
si kwa maumivu.
Miaka kumi na tisa mikono hii
ilijua poplini na tetroni gizani, umeme ukikatika.
Sasa nashika kitambaa
kama ninayesalimiana na mtu akiwa na glavu.

Mashati ya shule yalikuwa thelathini na mawili.
Thelathini na moja nimempa Drani, fundi wa ng'ambo ya barabara,
pamoja na malipo yake.
Moja nimebaki nalo. Usiniulize kwa nini.

Leo, baada ya adhuhuri, nilimwita Ezama.
Akalamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja,
akatunga mara ya kwanza, mjinga yule, bila hata kujivuna.
Nikashona kifungo.
Nilipumzika mara nne.
Nilikuwa natazama kidole kwa macho
ili nijue kilipo.

Kimekaa upande kidogo.
Nimekivuta kwa meno: hakitoki.

Ezama akahesabu matundu yaliyobaki.
"Na cha pili?"
Nilikuwa nimeshajinyoosha, shati kifuani,
jua la saa tisa limefika miguuni pangu.
Nikamwambia aichomeke sindano ukutani, kwenye kalenda,
mahali nitakapoiona.
Uzi asiutoe.